Feni za Polepole

Laurence aliniandikia ujumbe mfupi. Alisema kazi yangu anaijua, watu wa Goma wanaipenda, lakini nyuma ya sauti yangu kuna mvumo, na yeye hawezi kuwapelekea watu mvumo kwenye simu zao. Nimtumie filamu moja yenye sauti safi, mwisho Jumamosi. Ikishindikana, kuna mtu wa Bukavu anasubiri.

Mimi natafsiri filamu. Siandiki chochote. Nakaa mbele ya maikrofoni, filamu inacheza kwenye kioo, naipunguza sauti yake, halafu nasema kwa Kiswahili kile wanachosema Wahindi na Wakorea. Nasema mwanamume, nasema mwanamke, mbwa akibweka nasema anamtukana nani. Niliacha shule darasa la tano huko Masisi, kwa hiyo Kihindi sijui, Kikorea sijui, na Kiingereza changu ni cha kununulia soda. Naangalia nyuso. Mtu akigombana na mkewe utaona tu, hata angekuwa anaongea kwa mluzi.

Kwa miaka mingi niliuza kupitia vibanda. Mtu alileta fleshi yake, akajaziwa filamu, akavuka nayo mpaka kwenda Goma. Sasa vibanda vimefungwa kimoja baada ya kingine kwa sababu kila mtu anaangalia kwenye simu, na filamu za kwenye simu anazisambaza Laurence, ofisini kwake Kigali. Akinichukua, naendelea na kazi. Akinikataa, naenda Mudende kwa kaka yangu kuchimba viazi. Nililifikiria hilo la viazi asubuhi moja nikiwa napiga mswaki. Halikuniumiza. Nilisuuza kinywa nikatema.

Mvumo ulitoka kwenye kompyuta. Ndani yake kuna kadi ya picha, ile inayobeba kazi ya video, na hiyo kadi niliinunua Goma kwa kijana aliyekuwa anaitumia kutafuta pesa za mtandaoni. Aliiwasha mchana na usiku bila kuizima, hadi feni zake mbili ndogo zikalegea. Filamu ikianza tu, kadi inapata joto, na feni zinaanza kupiga kelele kama kinu cha kusaga mahindi. Nilikuwa nimezoea. Ukikaa karibu na kinu muda mrefu hukisikii tena.

Kuhamisha kompyuta hakukuwezekana. Nyumba yetu ya Mbugangari, hapa Gisenyi, ina sebule, jiko la nje, na chumba kimoja nilichokigawa kwa mbao. Upande huu ndio studio. Upande ule kuna kitanda, na kwenye kitanda kuna mke wangu.

Mke wangu ni Uwimbabazi. Zamani alivusha nyanya na karoti mpakani, akitembea na beseni kichwani, na ulimi wake ulijulikana pande zote mbili. Askari wa forodha walimpisha ili asiwaseme. Tangu Teta afe, analala. Anaamka, anapika, anafua, anasali Jumapili, anarudi kulala. Ukimuuliza kitu anajibu ndiyo au hapana.

Teta alikuwa mtoto wetu, hatukuwa na mwingine. Alianza kuumwa kichwa Jumapili moja ya masika mwaka jana, na wiki haikuisha. Homa ya uti wa mgongo, walisema hospitalini.

Yeye ndiye aliyekuwa sauti zangu za kike. Tangu yuko shule ya msingi alikaa kando yangu kwenye kigoda, akasoma yale maandishi ya Kiingereza chini ya picha, akaninong'oneza maana, halafu wanawake wote wa filamu wakawa wake: mabibi harusi, malkia, wachawi, bibi vizee. Kila mtafsiri ana salamu yake ya kufungulia filamu, ili watu wajue wanamsikiliza nani. Yetu ilikuwa hivi. Mimi nasema, "Ni mimi Baba Teta wa Gisenyi," naye anadakia, "Na mimi Teta mwenyewe!" Watoto wa Goma waliiga salamu hiyo barabarani.

Baada ya msiba nikawa nasema, "Ni mimi Gakwaya." Majirani nao waliacha kuniita Baba Teta, wala hakuna aliyewaambia waache. Mukandori wa nyumba ya pili alianza kuniita monsieur, yaani bwana, kama vile nimekuja kumdai kodi. Mke wangu wakawa hawamwiti kwa jina lolote. Walimpungia mkono.

Sikulia. Watu waliliona hilo na wakalizungumza. Tulipoanua matanga, niliosha vikombe, nikarudisha viti vya kanisa, na kesho yake nikawasha kompyuta. Wengine walisema nina moyo mgumu. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kama jino lililong'olewa kabla ganzi haijaisha: unagusa kwa ulimi, unajua kuna shimo, lakini ni kama shimo la mtu mwingine.

Basi nilimwita Hamdani.

Hamdani ana duka la kutengeneza simu na kompyuta kule Majengo. Ni mtu wa rika langu, mwenye tumbo kubwa na mikono midogo, na tunajuana tangu enzi za kaseti. Alikuja Alhamisi asubuhi akiwa na boksi kwapani. Niliwasha kompyuta, nikachezesha filamu, tukasubiri kidogo. Feni zikaanza.

"Subhanallah," alisema. "Gakwaya, hii si kadi, hii ni helikopta."

"Inasikika kwenye maikrofoni."

"Inasikika mpaka kwetu! Mi nilikuwa nafikiri ni mashine ya kusaga ya Sibomana. Kumbe ni we unatafsiri." Alizima kompyuta mwenyewe. "Bon. Hizi feni ndogo ziko na shida moja. Ndogo lazima ikimbie sana ndio ipoze. Kubwa inatembea polepole, na inapoza vilevile. Ni kama watu wanene. Umeshaona mi nikikimbia?"

"Hapana."

"Na kazi inaisha. Donc, tunatoa ile yote ya zamani, tunaweka hii."

Alifungua boksi. Ndani kulikuwa na kitu kama kitabu kinene cha bati: kurasa nyingi nyembamba za aluminiamu, na mabomba ya shaba yamepita katikati. Shemeji yake alikuwa amemletea kutoka Dubai kwa ajili ya mteja mwingine aliyeghairi. Bati hilo la kupozea halikuja na feni. Feni alizileta mwenyewe, mbili nyeusi, kila moja pana kama sahani ya chai.

Tuliilaza kadi juu ya meza, juu ya kitambaa cha kitenge. Hamdani alifungua skrubu nne zilizokizunguka kile kipande cha katikati kinachofanya kazi na kupata joto, akatikisa taratibu kushoto na kulia, na ule mzigo wa zamani ukaachia kwa mlio mdogo. Chini yake kulikuwa na pasta iliyokauka ikawa kama simenti.

"Angalia hii," alisema. "Hapa ndipo joto lilikuwa linapita. Lilikuwa linapita kwenye ukuta."

Alisafisha kwa spiriti na pamba hadi kipande kikang'aa kama kioo cha saa. Vipande vingine vidogo vilivyokizunguka, vya kumbukumbu, alivibandikia vibati vyao kimoja kimoja. Halafu akaweka pasta mpya katikati, tone dogo kama punje ya dengu.

"Hiyo tu?" niliuliza.

"We unataka nipake siagi kama kwenye mukate? Ikizidi inazuia. Ni kama mutu wa kati kwenye biashara, ukiweka wengi bei haifiki."

Alilishusha lile bati juu, nikalishikilia, akakaza skrubu kwa zamu, hii kidogo na ya upande wa pili kidogo, ili lisikae upande. Feni tulizifunga juu yake kwa kamba za plastiki. Haikupendeza. Lakini hakuna mtu anayeangalia kadi yangu.

Tulipoirudisha kadi ndani ya kompyuta, tatizo lilionekana. Bati lilikuwa zito mno. Kadi iliinama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji, na mfuniko wa kompyuta haukuweza kufunga tena.

"Mufuniko uache wazi," alisema Hamdani. "Lakini hii kuinama, hapana. Itavunja pale inapochomekwa. Leta kijiti cha kuisimamisha."

Nilitoka uani kutafuta kijiti. Hakikuwepo cha kufaa. Nikaingia jikoni, nikauona mwiko wa ugali umetundikwa kwenye msumari. Mpini wake ulikuwa na unene uleule. Nilirudi chumbani nikasimama penye uwazi wa mbao. Mke wangu alikuwa amelala ameelekea ukutani.

"Nataka kukata mwiko," nilisema.

Hakugeuka. "Mwiko gani?"

"Ule mkubwa. Wa ugali."

Mlaji wa ugali alikuwa Teta. Sisi wawili tunakula viazi na maharage.

"Kata," alisema.

Nilikata mpini kwa msumeno, Hamdani akapima, nikakata tena kidogo. Tukausimamisha chini ya kadi. Kadi ikanyooka.

Tuliwasha. Feni zilizunguka bila sauti. Hamdani alifungua namba inayoonyesha joto la kadi kwenye kioo, tukachezesha filamu, tukaangalia. Namba ilipanda. Ilipanda zaidi. Ilipita pale ilipokuwa inafika zamani.

"Zima, zima!" alisema Hamdani, ingawa kiti kilikuwa chake na kitufe kilikuwa mbele yake.

Alikaa anaikodolea macho. Halafu akatoa mfukoni kijiti cha udi. Mkewe, Kaltumu, anauza udi, na mtu huyo hatembei bila udi hata akienda kutengeneza simu. Alikiwasha, akasubiri kadi ipoe, akawasha kompyuta tena na kukisogeza karibu na feni. Moshi ulipaswa kuvutwa kuelekea kwenye bati. Badala yake ulimrudia Hamdani usoni. Alikohoa.

"Tumezifunga kinyume," alisema.

"Tumezifunga?"

"Sawa, nimezifunga. Usicheke."

"Sijacheka."

Aliniangalia. "Kweli," alisema polepole. "Hujacheka. Zamani ungenichekea mpaka Majengo wasikie."

Alikata zile kamba, akageuza feni, akafunga upya. Safari hii moshi ulikwenda wima kama uzi na kuzama katikati ya bati. Namba ya joto ilipanda ikafika mahali fulani, ikakaa hapo. Filamu ilikuwa inacheza. Hakuna kilichovuma.

Nilianza kusikia vitu. Kuku wa Mukandori alikuwa anatembea juu ya bati la paa. Bomba la uani lilikuwa linadondosha. Upande wa pili wa mbao kitanda kililia mtu alipojigeuza.

"Unasikia?" alisema Hamdani kwa kunong'ona, kana kwamba tuko msikitini.

"Nasikia."

"Sasa fanya kazi, ndugu yangu. Yule mama wa Kigali asipokuchukua, mi nitamutafuta mwenyewe." Alikusanya vifaa vyake. Mlangoni akageuka, akaangalia upande wa mbao, akafungua mdomo kama anataka kumuaga mke wangu kwa jina, akaufunga. Akapunga mkono, ingawa hakuna aliyekuwa anamwona.

Nilirekodi mchana huohuo, baada ya adhana, watoto wa mtaa wakiwa shuleni. Nilikuwa nimechagua filamu ya Kihindi. Bibi harusi anafika ukweni, mama mkwe hampendi, wanagombana jikoni mpaka katikati ya filamu, halafu wanapatana. Watu wa huku wanapenda sana hizo, kwa sababu kila mmoja ana mama mkwe au ni mama mkwe.

Nilisema salamu. "Ni mimi Gakwaya wa Gisenyi." Nikaendelea. Nilifika pale jikoni, mama mkwe anapoinua chapati iliyoungua na kumwonyesha bibi harusi. Nikasema, "Chapati hii imeungua. Ondoka hapa." Bibi harusi analia. Nikasema, "Nisamehe, mama." Nikasonga mbele.

Nilisimamisha, nikavaa spika za masikioni nisikilize. Mvumo ulikuwa umekwisha kabisa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilijisikia mwenyewe vizuri. Nilisikika kama karani wa ofisi ya sekta anayesoma majina ya waliolipa bima.

Na chini ya sauti yangu kulikuwa na sauti nyingine.

Kwanza nilifikiri ni filamu yenyewe. Nikaizima sauti yake, nikasikiliza tena. Bado ilikuwepo. Nikafikiri ni redio ya Mukandori. Nikavua spika, nikatoka uani: redio ya Mukandori ilikuwa imezimwa, mwenyewe alikuwa anachambua maharage. Nikarudi, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaweka pale pa chapati.

Mama mkwe anainua chapati. Kabla sijasema langu, ile sauti, kwa mbali, nyuma ya mbao, ikasema:

"We binti, hii ni chapati ama ni ndala ya bwana yako?"

Halafu nikaja mimi na ondoka yangu.

Nilirudisha nyuma, nikasikiliza tena. Nikasogeza mbele. Kila palipokuwa na mwanaume palikuwa na mimi tu. Kila mwanamke alipofungua mdomo, ile sauti ilikuwa hapo, mbele yangu kidogo, ikinong'ona. Mama mkwe alikuwa mkali na mwenye madaha. Bibi harusi alikuwa na kwikwi ya uongo, ile ya mtu anayelia huku anakuangalia kama unamwona. Shangazi mmoja mpita njia, anayesema maneno mawili tu katika filamu nzima, alipewa kigugumizi.

Nilifungua kazi za zamani, zile za mwaka mzima uliopita. Nilisikiliza tatu au nne. Ndani yake kuna mvumo, na chini ya mvumo hakuna kinachosikika. Huenda alikuwepo. Huenda siku ile ndiyo ilikuwa ya kwanza. Sijui, na sikumuuliza.

Nilikwenda nikasimama penye uwazi. Alikuwa amelala chali, macho wazi. Kutoka kwenye mto, kupitia nafasi iliyopo kati ya mbao mbili, kioo cha kompyuta kinaonekana. Sikuwa nimewahi kulala upande huo.

"Unasikika," nilisema.

"Nani?"

"Wewe. Kwenye maikrofoni. Feni haivumi tena."

Hakuona haya wala hakukasirika. "Basi," alisema.

"Laurence anataka sauti safi."

"Nimesikia. Basi, nitanyamaza." Halafu, nilipokuwa nimeshageuka, akasema, "Lakini yule mama mukwe umemupa sauti ya polisi."

Nikasimama.

"Mama mukwe hasemi ondoka," alisema. Alikuwa anaongea na dari. "Akisema ondoka, bibi harusi ataondoka kweli. Na kesho atamutukana nani? Anataka akae. Anamutukana ili akae."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoniambia tangu mwaka uanze. Nilipaswa kuhisi kitu. Nilisimama nikingoja nihisi, kama mtu anayengoja basi la Kigali ambalo limeshapita.

"Sawa," nilisema. "Nyamaza nimalize."

Alinyamaza. Nilirekodi filamu yote upya, jioni nikamaliza. Nikasikiliza: sauti moja, safi, hakuna kuku, hakuna bomba, hakuna mke. Nikamtumia Laurence vipande vya mwanzo ili aone. Alijibu Ijumaa asubuhi.

"Gakwaya, mvumo umekwisha, hongera. Lakini mbona unasema kama unatangaza msiba? Hii ni filamu ya kuchekesha. Zile zako za zamani, hata na kelele zake, kulikuwa na watu ndani. Hapa hakuna mtu. Nina mpaka kesho. Samahani kusema hivi."

Hakujua. Mtu wa Kigali atajuaje. Nilisoma ule ujumbe nikaona ni wa kweli, nikaiweka simu mezani, nikakaa. Feni za kadi zilikuwa zinazunguka bila sauti juu ya mpini wa mwiko. Nilijaribu kuiona Mudende, na viazi, na kaka yangu, na mvua ile ya huko isiyoisha. Nikaona kwamba naweza kuishi hivyo hadi nife na nisigundue.

Hilo lilinitisha kidogo. Si sana, lakini lilinitisha.

Nikamsomea mke wangu ujumbe kupitia mbao, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Nilisoma wote, hadi pale pa hakuna mtu.

"Amesema kweli," alisema upande wa pili.

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa njoo ukae hapa useme wanawake."

Kitanda hakikulia. Nilijua anaangalia nini. Kigoda kilikuwa pale kando yangu, chini ya meza, mahali ambapo kimekuwa siku zote. Sikuwahi kukiondoa, na si kwa heshima yoyote. Sikukiona tu.

"Pale sikai," alisema.

"Nitaleta kiti kingine."

"Gakwaya. Pale sikai."

Kuku alivuka paa. Halafu nikachukua turnavisi ya zamani ya kufungulia skrubu na nyundo, nikaanza kung'oa ubao. Ulikuwa ubao wa tatu kutoka chini, ulio usawa wa mto. Niliupigilia mwenyewe miaka mingi iliyopita, kwa misumari mingi kuliko ilivyohitajika, na sasa kila mmoja ulilia ukitoka.

Mukandori alipaza sauti kutoka uani kwake. "Monsieur! Munahama?"

"Hapana," nilisema.

"Munabomoa?"

"Ubao mumoja tu."

"Aa," alisema Mukandori. "Mi nilifikiri ni ile helikopta ya Hamdani imeanguka."

Nyuma ya mbao mke wangu alitoa hewa puani kwa nguvu. Sitasema alicheka. Alitoa hewa puani.

Ubao uliachia. Uso wake ulikuwa pale, karibu kuliko nilivyotegemea, shavu likiwa na alama ya mto. Nilipitisha maikrofoni kwenye tundu, nikaisimamisha katikati, nusu upande wake na nusu upande wangu, nikaifunga kwa zile kamba za plastiki alizosahau Hamdani. Nilijaribu, nikasogeza, nikajaribu tena. Alisema "moja, mbili" pasipo kuombwa, kama alivyomsikia Teta akisema mara elfu.

"Unaanza kabla yangu," nilimwambia. "Usingoje nimalize. Ukiona mdomo wa mwanamke unafunguka, ingia."

"Najua kazi," alisema.

Nilianzisha filamu. Picha ya mwanzo ilikuja, mto na ng'ombe na jua. Hapo ndipo penye salamu. Nikasogeza mdomo kwenye maikrofoni.

"Ni mimi," nilisema, na nikakwama.

Sikukwama kwa uchungu. Nataka hilo lieleweke. Nilikwama kwa sababu mdomo ulitaka kusema jina moja na mazoea ya mwaka mzima yakataka lingine, na vyote viwili vikafika mlangoni pamoja. Ng'ombe walikuwa wanavuka mto. Feni zilikuwa zinazunguka na hazikuweza kunifichia kitu. Kama zingekuwa zile za zamani, ule ukimya ungejaa mvumo na hakuna ambaye angeujua. Sasa ulikuwa wazi, unarekodiwa, nusu yake pumzi yangu na nusu pumzi yake.

"Ni mimi Baba Teta," nilisema, "wa Gisenyi."

Kwenye tundu la ubao hakukuwa na kitu. Niliona jicho lake moja likiangalia kioo. Ng'ombe wa mwisho alivuka. Nilikuwa nanyoosha mkono kusimamisha, tuanze upya.

"Na mimi mama yake," alisema.

Hakudakia kama Teta. Alisema kwa sauti ya mtu anayejitambulisha kwenye foleni. Nikaurudisha mkono mezani. Mlango wa ile nyumba ya ukweni ulikuwa unafunguliwa, bibi harusi amesimama na sanduku, na mama mkwe anamkagua kuanzia miguuni.

"Eeeh," alisema mke wangu nyuma ya mbao, taratibu, akiivuta. "Kumbe ndio huyu. Na mulisema ni muzuri."

Nilimtumia Laurence Jumamosi asubuhi, ukimya wa mwanzo ukiwa ndani, sikuukata. Halafu nikatoka uani kutengeneza mpini mpya wa mwiko, maana mke wangu aliuulizia.